Kompyuta Iliyovishwa Sweta

Kuna harufu moja ambayo kila ikinifikia hunifanya nimchukie baba yangu mdogo, ingawa tulimzika zamani na mimi mwenyewe nilitia udongo kaburini. Ni harufu ya sufu iliyopata moto kidogo, ikichanganyika na vumbi na plastiki. Juzi nilikuwa nimeketi kitandani na shali magotini kwa sababu ya baridi, kipakatalishi juu ya shali, nikiandika mhadhara kuhusu upatanisho katika riwaya zetu. Harufu ikapanda. Nikaacha kuandika, kwa maana huwezi kuandika juu ya upatanisho huku umekunja ngumi.

Mliokulia huku juu Buuri mnaijua baridi yetu. Tulikaa karibu na barabara ya Nanyuki, si mbali na soko la Kiirua, na kwa kuwa tulikuwa karibu na barabara tulikuwa na umeme, jambo lililowafanya watu wa ndani zaidi waseme tunaringa. Tulikuwa tunaringa kweli. Baba alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya kutwa, na mdogo wake, Gitonga, alikuwa ameenda Uingereza kusomea udongo, kana kwamba huku kwetu udongo ulikuwa umeisha. Aliporudi alijenga kando yetu, upande wa pili wa ua wa michongoma. Alirudi na mke wa kutoka Embu aliyekutana naye huko huko, mtoto mchanga aliyeitwa Kendi, koti refu, na kompyuta.

Msifikirie kompyuta za leo. Hii haikuwa hata na kioo chake. Ilikuwa kitu cheusi, bapa, upana wa Biblia iliyofunguliwa, na vitufe vya mpira wa kijivu vilivyobonyea kama nyonyo ya chupa ya mtoto. Uliichomeka kwenye televisheni, kisha ukaisomea programu kutoka kwa kaseti ya kawaida, zile zile ambazo watu wengine walisikilizia kwaya. Kaseti ililia kwa sauti ya nguruwe anayechinjwa, na ukiwa na bahati, baada ya kelele hizo, maneno yalitokea.

Baba aliipenda siku ya kwanza alipoiona. Gitonga naye alikuwa na mtoto mchanga na zizi tupu. Basi wakabadilishana: kompyuta ije kwetu, na ng'ombe wetu, Rosi, ambaye wakati huo alikuwa na mimba, aende kwao. Walipeana mikono Alhamisi, siku ambayo mama alikuwa kwenye ushirika wa akina mama kanisani. Nimefikiria sana juu ya uchaguzi wa siku hiyo.

Kwa sababu Rosi hakuwa wa baba. Babu mzaa mama ndiye aliyemleta akiwa mtamba, nilipozaliwa mimi, akisema hataki kusikia kwamba mjukuu wake anakunywa chai nyeusi. Kwa hiyo Rosi alikuwa wa mama, na kwa njia fulani alikuwa wangu pia. Hakuna aliyetuuliza.

Mama alirudi na mwavuli wake, akapita zizini kwanza, kisha akaingia sebuleni akaiona kompyuta mezani.

"Inatoa maziwa?" akauliza.

Baba akamweleza kuhusu siku zijazo. Alisema kila kazi itafanywa kwa mashine kama hii, kwamba watoto watakaoizoea mapema watakuwa wakubwa wa ofisi, kwamba hata huko Nairobi ni watu wachache walio nayo majumbani.

"Nimekuuliza, Mwalimu. Inatoa maziwa?"

Tangu siku hiyo tulikunywa turungi, chai isiyo na maziwa. Majirani walikuwa na maziwa ya kuuza na mama alikuwa na njia ya kuyapata, lakini aliapa kwamba hatanunua maziwa ilhali alikuwa na ng'ombe. Baba akikohoa juu ya kikombe, mama alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Kamulia hapo," alisema, na kuendelea kukoroga.

Halafu akaifumia sweta.

Lazima nieleze, ijapokuwa wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Katika nyumba ya Mkristo mwenye kujiheshimu hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na chake chenye pindo za maua, hata thamosi ilivaa. Mwanamke aliyewaacha wageni waone mgongo wa redio yake alisemwa hadi kanisani. Mama aliichukia ile mashine kwa moyo wake wote, lakini aibu ilikuwa ya nyumba yake, si ya mashine. Akachukua sufu ya kahawia iliyobaki kwenye sweta yangu ya shule, akafuma kwa kroshia kifuniko kizito chenye vifungo chini na uwazi mbele kwa ajili ya vitufe. Ilionekana kama mtoto wa nasari aliyelala kifudifudi. Baba, mtu wa hesabu, alilichukulia jambo hilo kuwa ishara ya msamaha. Mimi sijui. Baba mwenyewe hakuwahi kufumiwa na mama hata soksi.

Haukupita muda mrefu mashine ikaanza wazimu. Baba alikuwa akiandika, herufi zikitii, na baada ya kitambo mistari ilipinda, skrini ikajaa vijiraba kama kitambaa cha meza ya hoteli, kisha kila kitu kikaganda. Asubuhi iliyofuata ilikuwa nzima kabisa, inaamka kama mlevi asiyekumbuka alichosema jana. Kufikia adhuhuri imerukwa na akili tena.

Baba akafanya hesabu yake na akapata jibu moja: Gitonga alijua. Na huku kwetu, kumpa mtu mnyama mgonjwa katika mabadilishano huku unaujua ugonjwa wake ni jambo baya kuliko kumwibia, kwa sababu mwizi angalau hakutazami usoni na kukupa mkono.

Nilikuwa nyuma yake alipoenda kwenye ua.

"Gitonga, hii mashine ulinipa ni mgonjwa."

"Kwangu ilikuwa mzima."

"Kwako ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inafanya kazi," baba mdogo akasema, akimchana Rosi mgongoni kwa brashi, polepole, ili tuone. "Labda haijazoea walimu."

Jambo likapelekwa kwa wazee wa kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee M'Ikiara, mkulima wa viazi aliyekuwa pia akinunua na kuuza ng'ombe hadi Isiolo, mtu mwenye koti la kijeshi na subira ndefu. Alikuja nyumbani akaizunguka kompyuta mara kadhaa.

"Ng'ombe najua kumpima," akasema. "Namfungua mdomo naangalia meno. Hii nitaifungua wapi?"

Ndipo baba akatoa kaseti ya mtihani. Ilikuja pamoja na mashine, na kazi yake ilikuwa kuifanya mashine ijikague yenyewe. Kwanza ilikagua ile kumbukumbu iliyozaliwa nayo, halafu vitufe, ambavyo baba alivibonyeza kimoja kimoja kwa kidole kimoja kama anayechoma mahindi, halafu sauti, ambayo ilikuwa mlio wa kuudhi. Sehemu kubwa ilikuwa kumbukumbu ya kazi. Hapo safu ya miraba ilijipanga chini ya skrini, mraba kwa kila kipande cha kumbukumbu, na mashine ikawa inakiandikia kila kipande kitu na kukiuliza kimeandikiwa nini. Aliyekumbuka alibaki mweupe. Aliyesahau alichorwa X. Ikifika mwisho ilianza upya, tena na tena, hadi uizime.

Wazee walikubali. M'Ikiara akatoa utaratibu: mnyama anayesemekana mgonjwa hupimwa kwenye boma alikotoka, mbele ya aliyemtoa. Kwa hiyo mtihani ungefanyiwa kwa Gitonga, Jumamosi asubuhi. Kilichosemwa baada ya hapo sikukisikia, kwa sababu nilitumwa kuleta kuni. Niliporudi nilisikia tu M'Ikiara akisema mlangoni, "Basi, mtihani ndio utatuambia Rosi ni wa nani."

Nilikuwa mtoto wa shule. Kuhusu mitihani nilijua jambo moja: ukipita unapewa kitu. Nilipokuwa wa tatu darasani nilipewa kalamu, na Mukiri, aliyekuwa wa kwanza, alipewa kalamu na sahani. Ilikuwa wazi kwangu kwamba mashine yetu ikipita mtihani tungepewa Rosi. Kwa hiyo nikaamua kuisaidia. Wakati baba yuko shuleni na mama yuko shambani, nilikaa mbele yake nikaisomea tebo, mbili mara moja, mbili mara mbili, nikisema karibu na shingo ya sweta ili isikie vizuri. Nilipofika tebo ya saba nilikwama, nikairuka, na usiku nikamwomba Mungu asiiulize saba.

Nilishawahi kumwona baba akiifanyia mtihani nyumbani. X ilipotokea alitikisa kichwa kwa kuridhika, karibu acheke. Nilidhani ndivyo walimu wote walivyo.

Jumamosi ilikuja na ukungu. Baba alipotaka kuibeba mashine, mama alimzuia mlangoni, akafungua vifungo, akaivua sweta.

"Kazi ya mikono yangu haiingii nyumba ile," akasema.

Baba akaifunga kwa gazeti tukaenda.

Nyumba ya baba mdogo ilikuwa na madirisha makubwa, na yote yalikuwa wazi. Mkewe, Mama Kendi, alikuwa amerudi kutoka Uingereza na imani kali katika hewa safi. Sakafu ilikuwa saruji tupu, viti vilikuwa mbao tupu, na juu ya televisheni hakukuwa na chochote isipokuwa televisheni yenyewe. Wazee walikaa na makoti yao wakipulizia mikono. Watu walizungumza Kiswahili, kwa kisingizio kwamba Mama Kendi hakujua Kimeru. Ukweli ni kwamba Kiembu na Kimeru ni ndugu wa karibu na yule mama alitusikia vizuri sana. Kiswahili kilikuwa njia ya kumweleza kwamba bado ni mgeni.

Akaleta chai. Ilikuwa nyeupe, nzito, na malai yameelea juu. Rosi alikuwa amezaa wiki chache kabla, na ndama wake tulimsikia nje akigonga ubao.

"Nimekunywa nyumbani," baba akasema.

"Na mtoto?"

"Amekunywa nyumbani."

Nilikuwa nimekunywa turungi. Nilitazama kile kikombe kikipita mbele yangu kwenda kwa Mzee M'Ikiara, na naamini hakuna mwanamume niliyewahi kumtazama tena namna ile maishani.

Kaseti ikalia. Miraba ikajipanga.

"Hiyo nyeupe ni nini, Mwalimu?" M'Ikiara akauliza.

"Ni nzima."

"Na hiyo ingine?"

"Nzima."

"Na hiyo ya mwisho?"

"Wazee, tungoje. Bado haijachoka."

Tukangoja. Mtihani ukaisha, ukaanza tena. Ukungu uliingia dirishani. Mzee mmoja akaanza kukoroma, akaamshwa, miraba bado ilikuwa myeupe. Baba alikuwa ameinama karibu na skrini kama mtu anayetafuta sindano, na nilipoona jinsi alivyohangaika nilidhani ni furaha ya mzazi. Hatimaye M'Ikiara akapiga goti lake kwa kiganja. "Imepita," akasema.

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

"Mnaona?" Mama Kendi akasema. "Hata mtoto wao ameona."

"Huku kwetu inapumua," baba mdogo akasema, akijinyoosha kitini. "Mwalimu, nasikia kwako mnaivalisha sweta. Ama pia mnaipeleka nasari?"

Wazee wakacheka. Hawakutaka kucheka, walikuwa wamekunywa chai ya pande zote mbili, lakini walicheka. Masikio ya baba yaligeuka rangi ya matofali. Alichomoa waya, akanishika mkono juu ya kiwiko, tukatoka.

Tulipofika katikati ya viazi alisimama.

"Ulikuwa unampigia nani makofi?"

"Imepita mtihani."

"Ikipita maana yake walitupa mzima. Ng'ombe anabaki kwao. Hukujua?"

Nilitazama viatu vyangu vikizama kwenye matope.

Nyumbani mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza, na baba alipompita tu akanigeukia mimi. Nikamweleza yote: tebo, sala, saba. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilingoja kofi au kicheko. Vyote viwili vilimpitia usoni na hakuna kilichotoka.

"Karimi," akasema, "siku nyingine kabla ya kumwomba Mungu kitu, njoo uniulize mimi kwanza."

Sasa, baba yangu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa hasira, lakini hata kwenye hasira alipiga hesabu, na neno la sweta lilikuwa limemwingia. Jumapili baada ya ibada alijifungia sebuleni na mashine. Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunifukuza. Aliendesha mtihani mashine ikiwa uchi. Nyeupe, alasiri nzima. Akaivisha sweta, akafunga vifungo vyote, akangoja. Sufu ikaanza kunuka, ile harufu. Mraba mmoja ukapata X, ukafuatwa na jirani yake. Akaivua. Akaipepea kwa gazeti. Nyeupe. Akaivisha tena. X.

Nilijua kitakachofuata. Baba angeinuka, angeenda kwenye ua na kumwambia ndugu yake kwamba mashine haikuwa mgonjwa, ilikuwa inasongwa tu. Baba mdogo angecheka, angeudhi kwa wiki moja, na mambo yangeisha. Hata mtoto aliliona hilo. Ndiyo sababu nasema namchukia Gitonga kwa dhati: alikuwa amesema ukweli, akausema kama matusi, na ukweli uliosemwa hivyo huwezi kuuokota bila kuinama.

Baba aliinuka, lakini hakwenda kwenye ua. Aliita jikoni.

"Mama Karimi, njoo uone."

Mama akaja, mikono ikidondosha maji. Walisimama bega kwa bega mbele ya televisheni. Sikuwa nimewaona hivyo tangu Rosi aondoke.

"Ni sweta," baba akasema. "Inapata joto ndani. Bila sweta ni nzima."

Mama aliinama akazitazama X zile.

"Nikuulize, Mwalimu. Hapa Kiirua, na baridi hii, kitu kisichoweza kuvaa sweta utasema ni kizima?"

Niliiona hoja ikimwingia baba, nikaona ikimpendeza. Nimekaa darasani na watu wenye shahada nyingi, nimesikiliza watetezi wa nadharia za kila aina, na mpaka leo sijasikia hoja mbovu iliyosimama wima kama ile. Wale wawili, waliokuwa hawajazungumza sentensi nzima kwa miezi, walikaa mezani jioni ile wakiinoa kama kisu. Waliongea kwa sauti ya chini, wakimalizia maneno ya kila mmoja. Mama hata alicheka. Nilienda kulala nikiwa na furaha, nikidhani amani imeingia nyumbani. Ilikuwa imeingia, kweli. Ilitakiwa tu ipate mtu wa kumpiga.

Baba akamwendea M'Ikiara na kumwambia kwamba mnyama hupimwa pia kwenye boma atakakoishi. Mtu akikuuzia ng'ombe wa Isiolo na akijua hawezi baridi, na ng'ombe akafia kwako mwezi wa saba, je, alikuuzia mzima? M'Ikiara aliwahi kufiwa na ng'ombe wa namna hiyo. Hoja ikamgusa mahali pabichi. Akasema mtihani utarudiwa, kwetu.

Mama alifuma sweta mpya, nyekundu, ya uzi mara mbili. Siku ya mtihani alinunua maziwa kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya wazee tu, akapika mukimo wa viazi na mahindi, akawasha jiko la makaa sebuleni ili wageni wasisikie baridi. Mashine ilikuwa imewashwa tangu alfajiri.

Walipoingia, baba mdogo alisimama mlangoni akiitazama ile sweta nyekundu, na kwa mara ya kwanza sikuona kejeli usoni mwake. Niliona hofu ya mtu anayejua atashindwa na jinsi atakavyoshindwa. Maziwa ya Rosi yalikuwa yanamlisha mtoto wa Gitonga, na mimi wakati huo sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba Kendi pia alihitaji kunywa kitu.

Kaseti ikalia. Miraba ikajipanga, na haikuchukua muda. X, halafu X nyingine, halafu karibu safu yote.

"Hiyo ni nini?" M'Ikiara akauliza.

"Mgonjwa."

"Na hiyo?"

"Mgonjwa."

Mzee akanigeukia. "Na wewe uliyepiga makofi kule. Hiyo alama ni nzuri ama ni mbaya?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anamimina chai, hakuinua macho.

"Ni mbaya," nikasema.

Mama Kendi akainuka kitini. "Wazee, si mtoe hiyo nguo kwanza? Itoeni muone." Alikuwa tayari amenyoosha mkono, vidole vimegusa kifungo.

"Kaa chini, mama," mama akasema, kwa Kiswahili safi cha redioni. "Hapa kwetu mgeni havui mtu nguo."

Kuingia nyumba ya mwanamke na kuondoa kitambaa chake mbele ya wazee kulikuwa sawa na kufunua sufuria zake, au kuangalia chini ya kitanda chake. Mama Kendi, na Uingereza yake yote, alijua hilo. Mkono ukarudi.

"Mzee, huu ni uongo," baba mdogo akasema. "Imefunikwa. Si mnaona imefunikwa?"

"Gitonga," M'Ikiara akasema kwa uchovu, "kila kitu hapa kimefunikwa. Hata mimi nimekalia kitambaa."

Akamaliza mukimo wake, akafuta midomo, akatoa uamuzi. Mashine irudi kwa Gitonga. Rosi arudi kwa mama Karimi. Kuhusu ndama, alizaliwa kwenye boma la Gitonga, mama yake akila nyasi za Gitonga, na aliyezaliwa bomani ni wa boma. Kisha akatuombea sote, sala ndefu kuhusu ndugu kukaa pamoja kwa umoja. Baba na baba mdogo walisema amina kwa wakati mmoja, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Baba mdogo aliondoka na kompyuta kwapani. Mama aliivua sweta kwanza, mlangoni, sasa kwa kuwa haikuwa tena ndani ya nyumba yake.

Rosi aliletwa jioni ile na kijana wa kuajiriwa, kwa kamba. Mama alimpokea kwa jina, akampaka mafuta kwenye chuchu, akamwekea majani mabichi. Mimi nilisugua kikombe changu hadi kikang'aa. Asubuhi mama alichuchumaa na ndoo, akaosha kiwele kwa maji ya moto, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akavuta.

Hakuna kilichotoka.

Ng'ombe wetu wa chotara walikuwa hivyo. Bila ndama kunyonya kidogo kwanza, maziwa hayashuki. Mama alijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hasira yake alikuwa amelisahau, au alikuwa amelikumbuka na akadhani anaweza kulishinda. Alijaribu tena jioni, na asubuhi iliyofuata. Rosi alisimama ameelekeza kichwa kwenye ua, akilia, na kutoka upande wa pili ndama alimjibu, na hao wawili waliendelea hivyo mchana kutwa, hadi watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kusikiliza. Baba alihamia shuleni hata siku za mapumziko. Kule kwao nako mtoto Kendi alilia kwa sauti nyembamba, na hakuna nyumba iliyoweza kujifanya haisikii nyingine.

Kisha asubuhi moja nilimwona Mama Kendi akija kwenye ua akiwa amemshika ndama shingoni. Hakuwa amevaa lile koti refu la Uingereza. Alikuwa na kanga kichwani na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mama Karimi," akaita. "Nimemleta. Anyonye kidogo, wewe ukamue, halafu unigawie kikombe cha mtoto. Nitakuwa nikimleta kila siku."

Mama alikuwa jikoni. Alisikia kila neno, kwa sababu mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Niliukazia macho ule mwiko. Ulikaa kimya, ukakaa, kisha ukaanza kuzunguka tena.

"Nenda umwambie," mama akasema, "hatumjui huyo ndama."

Nilikwenda. Ndama alikuwa ameingiza pua kwenye mwanya wa michongoma, na Rosi alikuwa amekaza kamba hadi shingo imepinda.

"Mama anasema hatumjui huyo ndama."

"Karimi, niitie mama yako."

"Anasema hatumjui."

Mama Kendi alinitazama, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayehesabu nina umri gani. Halafu akamgeuza ndama, ikambidi amsukume kwa goti, wakaondoka wakipita kati ya viazi. Nilirudi jikoni. Mama aliuliza yule mwanamke amejibu nini, nikamwambia hakujibu kitu. Akafuta mikono kwenye leso yake, akachukua ndoo, akatoka kwenda kujaribu tena.